Mstari wa Sita

Kwenye orodha ya mapambano yake yuko mstari wa sita,
chini ya Mlatvia, juu ya Mbrazili mwenye kitambi:
L. MASHUARI, TANZANIA. Raundi ya pili. Taulo.
Jina walikosea. Ni Mashauri.
Hatukuwa na wa kumlalamikia.

Taulo ni langu.
Nililinunua Makoroboi, la mtumba, la kijani,
elfu tatu baada ya kubishana sana,
likapanda ndege pamoja nasi,
mimi na Lubinza, ambao hata Ukerewe hatujavuka.

Leo Desmond Oakden ni bingwa wa dunia, uzito wa juu.
Uso wake uko kwenye chupa za maji, kwenye maboksi ya viatu,
kwenye ukuta wa saluni ya Sospeter pale Mabatini,
katikati ya mitindo ya nywele, yeye mwenye upara.
Watoto wa Igogo wanaiga anavyotembea,
kile kigugumizi cha bega la kulia.
Wanajua mbwa wake anaitwa nani.
Wanajua alivyolia alipomzika bibi yake huko Wolverhampton.
Anayewapita na gunia la dagaa begani
wanamwambia tu: mzee, angalia njia.

Mfuko wetu wa mazoezi ulikuwa wavu mbovu wa sangara,
tuliushona, tukaujaza pumba za mpunga na suruali za marehemu.
Ukiupiga unatoa vumbi, na siku moja panya.
Alfajiri Lubinza alipanda mawe hadi Bugando
akiwa amenibeba mgongoni,
nami nikihesabu pumzi zake kama mwenye duka.
Uzito wa juu kwetu ni njaa ndefu tu:
sahani tatu za ugali, na mpinzani
mpaka upande basi ukamtafute.

Kisha simu ikaja. Walitaka mtu mrefu,
mwenye kifua, asiyejua sana.
Hivyo ndivyo alivyosema wakala, wala hakupunguza sauti.
Tukakubali. Paa linalovuja
haliulizi bati limetoka wapi.

Raundi ya kwanza, dakika ya pili,
Lubinza aliingia chini ya ule mkono mrefu
akaacha ngumi moja, ya kushoto, fupi,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.
Ukumbi haukuona.
Mimi niliona midomo ya Oakden ikigeuka majivu.

Raundi ya pili nyusi ya Lubinza ikapasuka,
damu ikajaa jichoni, akawa anapigana na sauti.
Nikarusha.
Sikufikiri. Mkono ndio uliofikiri.
Lubinza akaniangalia kwa jicho lililobaki.
Mwaka wa tisa huu, hajaniuliza.

Jana usiku, kibandani kwa Nkwimba,
mkanda wa tatu ukiwa umeshafungwa kiunoni,
mtangazaji akamuuliza bingwa: nani aliwahi kukuumiza kweli?
Kijana mmoja akawa anatutafsiria.
Oakden akanyamaza. Akacheka kidogo.
"Mtanzania mmoja. Jina limenitoka.
Hapa, mbavuni. Baridi ikija bado namsikia."

Kibanda kikalipuka. Mtanzania! Nani?
Wakataja wa Dar, wa Tanga, wa Morogoro,
wakabishana hadi soda zikamwagika.
Lubinza alikuwa benchi la nyuma,
magamba ya dagaa yakimeta kwenye vidole.
Hakusimama.
Aliniinamia sikioni:
"Ameshika upande gani?"
Wa kulia, nikasema.
Akatikisa kichwa polepole, kama fundi
aliyepita mbele ya nyumba aliyoijenga ujanani
akakuta watu bado wanaishi.

Njiani, kando ya Mirongo, maji yakinuka,
akauliza kama lile taulo bado ninalo.
Ninalo. Mke wangu hufunikia sufuria ya wali.
"Niletee kesho mwaloni," akasema.
"Magunia yananichubua bega."